Njia ya mlemavu si parkingi ya pikipiki

BARAKA, Fizi – Ukimuuliza mkazi wa Baraka kuhusu parkingi ya walemavu, huenda akacheka kwanza. Parkingi gani? Mji huu ulio kando ya Ziwa Tanganyika, wilayani Fizi, mkoani Kivu Kusini, hauna maegesho yaliyopigwa rangi ya buluu na kuchorwa kiti cha magurudumu. Hata magari yenyewe si mengi: malori ya mizigo yanayotoka Uvira, magari ya mashirika, ya serikali na ya wafanyabiashara wachache. Watu wengi wanakwenda kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki.

Lakini nafasi ya walemavu ipo, na inachukuliwa na wengine mchana kweupe. Ni ule mteremko wa saruji unaojengwa kando ya ngazi, mbele ya kituo cha afya, shule au ofisi, ili mtu mwenye kiti cha magurudumu, baiskeli ya mikono au magongo aweze kufika mlangoni. Baadhi ya majengo yaliyojengwa kwa msaada wa mashirika tangu wakimbizi walipoanza kurudi kutoka Tanzania yana mteremko wa namna hiyo. Kuna aliyeuchora, kuna aliyelipia saruji, kuna fundi aliyeumwaga. Kisha jengo likafunguliwa, na asubuhi iliyofuata pikipiki ya kwanza ikapandishwa juu yake.

Huo ndio ubaya unaostahili kuzungumzwa wazi. Mji ambao haujajenga kitu unaweza kujitetea kwa umaskini. Ila pale ambapo kitu kimeshajengwa, na watu wazima wenye afya wanakifunga kwa pikipiki, magunia na mabidoni, umaskini hauna kosa lolote. Ni mazoea tu, na mazoea yanaweza kuachwa bila kungoja pesa za wafadhili.

Kwa nini pikipiki zinapanda pale

Ni haki kumsikiliza na motari. Kijana anayeendesha pikipiki ya abiria hapati mshahara wa mwisho wa mwezi. Mara nyingi pikipiki si yake. Jioni anatakiwa kumpelekea mwenye chombo hesabu yake, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Abiria wake anatoka mlangoni mwa hospitali, mwa ofisi au mwa duka. Motari aliye karibu na mlango ndiye anayempata. Aliye mbali anabaki kupiga honi.

Tena mteremko wenyewe unavutia. Mvua ikinyesha, uwanja unakuwa tope na mguu wa kusimamishia pikipiki unazama, chombo kinaanguka. Juu ya saruji pikipiki inasimama imara. Jua likiwaka, mara nyingi mteremko uko chini ya kivuli cha paa. Pahali pakavu, pagumu, penye kivuli na karibu na mteja: ni nani asiyepapenda? Ndiyo maana si wamotari peke yao. Muuzaji wa mafuta anaweka mabidoni yake hapo. Mwenye makaa anaegemeza magunia hapo. Wakati mwingine utakuta ndagala au mihogo imeanikwa, kwa sababu saruji inashika joto vizuri kuliko mkeka uliotandikwa juu ya mchanga.

Hakuna hata mmoja wao aliyeamka asubuhi akisema leo nitamzuia mlemavu asiingie. Kila mmoja ameona pahali pazuri palipo wazi, akapatumia. Ila kwa yule anayezuiliwa, nia njema na nia mbaya zinafanana. Mlango umefungwa.

Mita tatu za mwisho

Fikiria mama mmoja aliyepooza miguu tangu utotoni, anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu inayosukumwa kwa mikono. Ana mtoto mwenye homa mgongoni. Ametoka upande wa Kalundja mapema, kabla jua halijakuwa kali. Barabara ni vumbi na mashimo. Kila shimo analizunguka, kila jiwe linampiga mabegani. Pengine mtoto wa jirani amemsaidia kusukuma kwenye kilima. Baada ya saa nzima amefika mbele ya kituo cha afya, na mteremko uko pale. Juu yake zimesimama pikipiki nne, zimefungwa usukani, wenyewe wako ndani au wamekwenda kunywa chai.

Safari yote ameiweza. Mita tatu za mwisho ndizo zilizomshinda.

Atafanya nini? Anaweza kupiga kelele mpaka mtu atoke. Anaweza kungoja juani. Anaweza kumtoa mtoto mgongoni na kumpa mtu asiyemjua ampeleke ndani. Anaweza kushuka kwenye baiskeli na kutambaa kwa mikono juu ya ngazi, mbele ya watu wote, katika vumbi na mate ya watu waliopita. Au anaweza kugeuza baiskeli na kurudi nyumbani, akatafuta dawa ya kubahatisha kwa muuzaji wa dawa wa mtaani. Malaria ya mtoto haingoji. Saa zilizopotea pale mlangoni zinaweza kuwa ndizo saa zilizohitajika.

Kuna na yule asiyeona. Kwake pikipiki iliyosimama njiani ni hatari mara mbili. Fimbo yake inagusa gurudumu chini, lakini usukani uko juu, kwenye usawa wa tumbo na kifua. Bomba la moshi la pikipiki iliyozimwa sasa hivi linaunguza. Na mtu aliyeumia uti wa mgongo, kwa risasi au kwa kuanguka mtini, mara nyingi hana hisia miguuni. Mguu wake unaweza kugusa bomba hilo akaungua bila kujua, mpaka jioni atakapovuliwa suruali na kuonekana kidonda. Kidonda cha namna hiyo kinachukua miezi kupona, na kikiingia uchafu kinaweza kumuua.

“Tutakubeba, mama”

Watu wa Fizi si watu wabaya. Mlemavu akikwama mbele ya ngazi, mara nyingi vijana wawili au watatu watajitokeza: “Pole, mama, tutakubeba.” Wanamwinua na kumwingiza. Wote wanaridhika kwamba wamefanya wema, na kweli wamefanya.

Lakini ni vizuri kumwuliza anayebebwa. Mama mzima anashikwa mapajani na kwapani na vijana asiowajua, wengine wa umri wa watoto wake. Kitenge kinapanda. Pesa zake zilizofungwa kwenye kitambaa zinaonekana na kila mtu, au zinadondoka. Baiskeli yake inabaki nje bila mlinzi, na hiyo baiskeli ndiyo miguu yake; ikiibwa, yuko kitandani. Akimaliza shughuli ndani, lazima angoje tena watu wa kumtoa. Akitaka kwenda chooni, ni hadithi nyingine. Na kama amekuja kwa jambo la siri, tuseme kipimo cha UKIMWI, uzazi wa mpango, au kushitaki mtu aliyemtendea vibaya, siri hiyo sasa inajulikana na wote waliombeba.

Mteremko ulio wazi unamwondolea hayo yote. Anapanda mwenyewe, anaingia mwenyewe, anatoka akitaka. Ndiyo tofauti kati ya kusaidiwa na kuwa huru. Mtu anayembeba mlemavu leo, na kesho akaegesha pikipiki yake juu ya mteremko, amempa kwa mkono mmoja na kumnyang’anya kwa mkono wa pili.

Sheria ipo, tena si moja

Wengine wanadhani haya ni mambo ya huruma. Sivyo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya hatua maalumu za kuwalinda kulingana na mahitaji yao, na inaipa serikali wajibu wa kuendeleza uwepo wa watu wenye ulemavu katika taasisi za kitaifa, za mikoa na za mitaa.

Tarehe 30 Septemba 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Nchi nyingine za ukanda huu zilikuwa zimetangulia: Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, Burundi mwaka 2014. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinazitaka nchi ziondoe vizuizi katika majengo, barabara, usafiri, shule, nyumba, vituo vya afya na mahali pa kazi. Vizuizi vinavyotajwa si ngazi peke yake. Kitu chochote kinachomfungia mtu njia ni kizuizi, hata kama kina magurudumu na kitaondoka jioni.

Mwaka 2019 serikali mjini Kinshasa ilipata kwa mara ya kwanza waziri mjumbe anayeshughulikia watu wenye ulemavu, Irène Esambo Diata. Na tarehe 3 Mei 2022 Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi sheria nambari 22/003 inayolinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Kwa hiyo anayesema kwamba Kongo haina sheria kwa jambo hili, anasema yaliyopitwa na wakati.

Shida ni kwamba kutoka Kinshasa mpaka mlango wa kituo cha afya cha Baraka ni mbali, na sheria haisafiri peke yake. Lazima kuwe na mtu wa kuisimamia: mlinzi, mkuu wa ofisi, mganga mkuu, mkurugenzi wa shule, polisi wa barabarani. Mtu huyo akiona pikipiki juu ya mteremko na kunyamaza, sheria imeishia hapo.

Ugonjwa huu uko hata Ulaya

Isidhaniwe kwamba wazungu wamemaliza shida hii. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1970, na tangu 1971 madereva wenye ulemavu wanapewa kadi ya kuweka kwenye kioo cha gari. Zamani ilikuwa ya rangi ya machungwa, siku hizi ni ya buluu. Alama ya kiti cha magurudumu inayojulikana duniani kote ilichorwa mwaka 1968 na mwanafunzi mmoja wa Denmark, Susanne Koefoed. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado huko kuna watu wazima, wenye afya na elimu, wanaoegesha mahali pa walemavu. Wengine wanatumia kadi ya mama yao aliyefariki. Ndiyo maana Uingereza imeweka faini inayoweza kufika pauni 1,000 kwa anayetumia kadi hiyo kwa udanganyifu, na Ufaransa inatoza euro 135 kwa anayesimamisha gari pasipo haki. Huko Ufaransa, mbele ya maduka makubwa, kuna vibao vinavyomwambia dereva: ukichukua nafasi yangu, chukua na ulemavu wangu.

Familia nyingi za Fizi zina ndugu waliotoka kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, wakapelekwa Marekani. Waulizwe. Watasimulia jinsi walivyofundishwa wiki ya kwanza kabisa kwamba nafasi ile ya mbele ya duka, hata ikiwa tupu siku nzima, haiguswi. Mtu aliyezaliwa Lweba au Mboko, akifika huko, anatii. Basi si kweli kwamba watu wa hapa hawawezi. Wanaweza, wakiona kwamba jambo linachukuliwa kwa uzito.

Na udhuru ni ule ule kila mahali. Dereva wa London anasema ni dakika mbili tu. Motari wa Baraka anasema: “Mama, nakuja sasa hivi.” Dakika mbili za mwenye miguu ni saa nzima ya anayengoja juani.

Haki inapoliwa na wengine

Kongo ina mfano wake mkubwa wa haki ya mlemavu inayogeuzwa kuwa chombo cha wengine. Tangu enzi za Mobutu, kwenye kivuko kati ya Kinshasa na Brazzaville, watu wenye ulemavu walikuwa wanapata nafuu katika nauli na ushuru. Wengi wakageuka kuwa wafanyabiashara wa Beach Ngobila, na kwa jasho lao wakalea watoto na kujenga nyumba. Huko Goma hali inafanana: kwenye mpaka mdogo wa kuingia Gisenyi, baiskeli kubwa za magurudumu matatu zimekuwa zikivuka na mizigo mizito, mlemavu akiwa ameketi juu na vijana wakisukuma nyuma.

Ni kazi halali, na imewatoa wengi katika kuombaomba. Lakini pande zote mbili, wafanyabiashara wenye miguu yao waliona mlango wazi. Mzigo ukawa wa tajiri, baiskeli ikawa ya mlemavu, na nafuu ya ushuru ikaenda kwa tajiri. Mwenye baiskeli akabaki na malipo ya kubeba. Kisha walinzi wa mpaka walipoanza kulalamika kwamba walemavu wanapitisha magendo, lawama ikamwangukia yule aliyekuwa anaonekana.

Somo la Goma na Kinshasa linafika mpaka kwenye mteremko wa Baraka. Kila nafasi inayotolewa kwa ajili ya mlemavu, iwe ni nafuu ya ushuru au mita tatu za saruji, ina thamani hata kwa asiye mlemavu. Kwa hiyo itachukuliwa, kama hakuna anayeilinda. Na ikishachukuliwa, watu wanaanza kusema: mbona hawaitumii? Mbona hatujaona mlemavu akipita hapo?

Hawaonekani kwa sababu hawafiki

Hoja hiyo inasikika mara nyingi: walemavu ni wachache, kwa nini pahali pote pabaki patupu kwa ajili ya mtu mmoja kwa wiki? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na ulemavu mkubwa, yaani watu karibu bilioni 1.3. Hakuna sababu ya kuamini kwamba Fizi, iliyopita katika vita vya 1996 na 1998 na mapigano yaliyofuata mpaka leo, ina walemavu wachache kuliko mahali penye amani. Kuna waliopigwa risasi, kuna waliozeeka kwenye ukimbizi, kuna waliougua polio kabla chanjo haijawafikia. Na kila wiki barabara inaongeza wengine. Mara nyingi anayevunjika mguu ni motari mwenyewe.

Waswahili walisema zamani: hujafa hujaumbika. Kijana anayepandisha pikipiki juu ya mteremko leo yuko katika kazi inayoweza kumfanya auhitaji mteremko huo kesho. Akikatika mguu, atakuta wenzake wameegesha pale pale alipokuwa anaegesha yeye.

Walemavu hawaonekani mjini kwa sababu wameshajifunza kwamba kutoka nyumbani ni kujichosha bure. Walijaribu mara moja, mara mbili, wakakuta njia imefungwa. Sasa wanatuma watoto wao kuwachukulia dawa, kuwapokelea pesa zilizotumwa kwa simu na ndugu aliye nje, kuwaulizia habari ofisini. Mtoto aliyetumwa anakosa shule. Pesa zinapunguzwa njiani. Na siku ya kupiga kura, ikiwa chumba kiko juu ya ngazi za shule, mlemavu atachagua kati ya kubebwa na kubaki nyumbani.

“Tumalize vita kwanza”

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Fizi ina watu waliokimbia vijiji vyao, ina makundi yenye silaha, ina barabara inayokatika kila msimu wa mvua. Katika hali hiyo, kuongelea pikipiki mbele ya mlango kunaonekana kama kumfagilia uwanja mtu ambaye nyumba yake inaungua.

Lakini vita ndiyo sababu ya kuharakisha. Watu wanapokimbia, mwenye magongo ndiye anayeachwa nyuma. Wanapofika Baraka, yeye ndiye asiyefika kwenye mstari wa kugawa chakula. Mji unaopokea wakimbizi wa ndani kila mara unahitaji milango iliyo wazi kuliko mji wenye utulivu. Tena jambo hili halingojei jeshi, halingojei Kinshasa, wala halingojei barabara ya lami. Kuhamisha pikipiki mita kumi hakumpokonyi mtu yeyote chakula chake.

Kinachowezekana wiki hii

Kwanza, alama. Chokaa kidogo inatosha. Siku ya salongo, kila jengo la umma lenye mteremko linaweza kupigwa mistari miwili ya chokaa pembeni na msalaba katikati, pamoja na sehemu ya chini mahali baiskeli inapogeukia. Asiyejua kusoma ataelewa kwamba hapo hapakai kitu. Mvua ikiifuta, inapigwa tena.

Pili, parkingi mbadala. Hakuna faida ya kumfukuza motari bila kumwonyesha pa kwenda. Viongozi wa vyama vya wamotari wakae na wakuu wa vituo vya afya, shule na ofisi, wachague sehemu yenye kivuli, karibu na lango lakini si mlangoni, na foleni iwe moja ili aliye nyuma asipoteze mteja. Mwenye jengo amwage changarawe kidogo ili pikipiki isizame. Wakikubaliana wenyewe, watalindana wenyewe. Motari akiambiwa na motari mwenzake anasikia kuliko akiambiwa na polisi, ambaye mara nyingi anamwona kama mtu anayetafuta chochote mfukoni mwake.

Hapo kuna tahadhari. Faini ikiwekwa bila risiti, itageuka kuwa mradi wa mtu. Wamotari watalipa, wataendelea kuegesha, na mlemavu ataambiwa kwamba yeye ndiye aliyeleta usumbufu. Afadhali mlinzi anayesema “hapa hapana” kila asubuhi kuliko faini inayoishia barabarani.

Tatu, mlinzi apewe agizo. Karibu kila jengo la umma lina mlinzi. Kazi yake ni kulinda mlango. Kulinda njia ya kufika mlangoni ni sehemu ya kazi hiyo hiyo. Mkuu wa jengo amwambie waziwazi, na yeye mwenyewe aonyeshe mfano, kwa sababu mara nyingi pikipiki ya kwanza kupanda mteremko ni ya mkubwa wa ofisi, na wengine wanamfuata.

Nne, vipimo. Wajengao sasa wasijenge mteremko wa picha. Kipimo kinachotumika sana duniani ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita kumi na mbili za urefu. Baraza lenye kimo cha sentimita 50 linahitaji mteremko wa mita 6. Ukijengwa wa mita 2, baiskeli itarudi nyuma na mtu ataanguka. Na baiskeli ya magurudumu matatu ni pana kuliko kiti cha hospitali. Upana upimwe kwa chombo kinachotumiwa na watu wa hapa.

Tano, walemavu wenyewe waulizwe. Katika mikutano ya meya wa Baraka, ya msimamizi wa wilaya ya Fizi na ya mashirika ya kiraia, wawepo si kama wageni wa kupigwa picha tarehe 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, bali kama watu wanaojua ni mlango upi umefungwa na saa ngapi. Makanisa na misikiti pia ina ngazi, na ina pikipiki za waumini mbele yake. Mchungaji au sheikh akisema neno moja kabla ya kuondoka, linafika nyumba nyingi kuliko tangazo la serikali.

Yote hayo hayatamaliza shida za mlemavu wa Fizi. Bado atahitaji baiskeli nzima, kiungo bandia, shule, kazi na usalama, na mengine ya hayo yanapatikana mbali, kwa gharama asiyoiweza. Lakini mtu aliyesukuma magurudumu kwa mikono yake kutoka Kalundja mpaka katikati ya mji ameshafanya sehemu ngumu ya safari. Kesho asubuhi, kabla ya saa mbili, wagonjwa wa kwanza wataanza kufika kwenye vituo vya afya. Wenye pikipiki watafika kabla yao. Mahali watakapoziegesha ndipo itakapojulikana ni nani ataingia.